Pua ya Serikali

Kile kinachomlewesha mtu kwenye bangi hakinuki. Kinaitwa THC, na ukiwekewa ikiwa safi kwenye chupa ya maabara unaweza kuinusa hadi uchoke usijue ni nini. Ile harufu unayoijua, inayopanda ngazi za ploti saa mbili usiku na kumfanya jirani wa namba sita afunge dirisha kwa kishindo, inatoka kwa kemikali nyingine kabisa. Nyingi kati ya hizo huitwa terpeni, na hakuna sheria ya Kenya inayozikataza. Ziko kwenye ganda la chungwa, kwenye pilipili manga, kwenye karafuu za pilau, na kwenye tapentaini ambayo fundi wa rangi husafishia brashi.

Jambo hili limenikaa kichwani muda mrefu. Kwa zaidi ya miaka 100 serikali za nchi hii, ya mkoloni na zetu, zimewatafuta wavutaji kwa kutumia pua. Sheria inakataza kitu kimoja, mtu anashikwa kwa sababu ya kingine. Na harufu, kama anavyojua yeyote anayeishi Gitothua, haisambai kwa usawa. Kuna wenye kuta nene na bustani, na kuna sisi tunaoshiriki korido.

Jiko la mmea

Ua la bangi jike, ukilitazama kwa karibu, limejaa vinyweleo vyenye vichwa vidogo vinavyong'aa, kama mtu amelimwagia sukari. Vichwa hivyo ndivyo jiko la mmea. Humo ndimo hupikwa utomvu wenye THC, na terpeni hupikwa katika jiko hilo hilo. Mmea haukufanya haya ili mtu wa Ruiru atulize akili baada ya kazi. Harufu kali huusaidia kujikinga na wadudu na wanyama wanaopenda kutafuna.

Jina terpeni lina asili moja na tapentaini, mafuta ya utomvu wa misonobari. Lilianzia Ujerumani karne ya 19, enzi ambapo kila mmea unaonukia ulidhaniwa kuwa na mafuta yake ya kipekee. Mwanakemia Otto Wallach alikaa miaka mingi akiyatenganisha mafuta hayo, akaonyesha kwamba vitu vingi vilivyokuwa na majina tofauti vilikuwa kitu kile kile. Mwaka 1910 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia.

Bangi nayo imekopa kutoka kapu hilo hilo. Mirseni iko pia kwenye embe na mchaichai. Limoneni ndiyo inayokurukia machoni ukimenya chungwa. Pineni ni ya misonobari na rosemari, linaloli ni ya lavenda. Kariofileni iko kwenye pilipili manga na karafuu, na hata jina lake limetokana na jina la zamani la kisayansi la mkarafuu. Yaani gunia la karafuu linaloshushwa kutoka Pemba na gunia la bangi lililofichwa chini ya viazi yana kemikali moja ndani yake, ila moja lina risiti. Humuleni nayo ilipewa jina la hopsi, mmea unaotia bia uchungu. Hopsi na bangi ni wa ukoo mmoja. Ukitoka Ruiru kwenda tao kwa Thika Road unapita kiwanda cha bia pale Ruaraka, na hakuna abiria anayeshtukia huo undugu.

Lakini terpeni hazimalizi hadithi. Ile harufu nyingine, ya kuchoma pua, ya kicheche aliyeudhiwa, ilikuwa kitendawili hadi juzi tu. Mwaka 2021 wanasayansi wa Marekani walionyesha kwamba inatokana na kemikali za salfa zilizo kwenye ua kwa kiasi kidogo mno. Moja kati ya hizo ndiyo pia huiharibu bia ya chupa iliyoachwa juani. Kiasi ni kidogo hivyo, lakini pua ya binadamu haiipiti salfa. Ndiyo maana msokoto mmoja unatangaza ghorofa nzima.

Wakati harufu haikuwa ushahidi

Neno bangi lilitufikia kwa Bahari ya Hindi, kutoka bhang ya Wahindi. Magazeti na mahakama zetu za Kiingereza bado huandika hivyo hivyo, kwa h, kama jahazi lilitia nanga jana. Mmea wenyewe una umri mkubwa kuliko mipaka yetu. Katika pango la Lalibela, karibu na Ziwa Tana huko Ethiopia, wanaakiolojia walichimbua vichwa vya kiko vya udongo vya karibu karne ya 14, na vipimo vya miaka ya 1970 vikapata mabaki ya bangi ndani yake. Hapo tumbaku ilikuwa bado haijavuka bahari kutoka Amerika. Karne nyingi baadaye, mwaka 1857, Mwingereza Richard Burton aliondoka pwani kuelekea maziwa makuu, na katika maandishi yake amewataja watu wa bara waliovuta bangi na kukohoa kwa makelele. Alisikia, akanusa, akaandika, akaendelea na safari. Hapakuwa na cha kushtaki.

Waingereza wenyewe walikuwa na nafasi ya kujua zaidi. Mwaka 1893 serikali yao ya India iliunda tume ya kuchunguza bangi. Tume ilihoji mashahidi zaidi ya 1,000, madaktari, wakulima, maafisa na wacha Mungu, ikaandika ripoti ya majuzuu kadhaa. Ilisema matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa, kwamba kuzidisha ndiko kunakoumiza, na kwamba kupiga marufuku hakufai. Ripoti ikawekwa kabatini. Miaka 20 hivi baadaye, dola hiyo hiyo ikaipiga bangi marufuku hapa, kwenye Protektoreti ya Afrika Mashariki. Ilikuwa mwaka 1914, na marufuku yenyewe ilipachikwa ndani ya sheria ya afyuni.

Afyuni kwa Kiswahili cha zamani ni kasumba. Leo tukisema kasumba tunamaanisha fikra ulizorithi bila kuzichunguza, kama ile kasumba ya kikoloni tuliyosoma kwenye fasihi. Sijui neno lingine linaloieleza hiyo sheria vizuri zaidi. Bangi iliingizwa humo kama mtoto wa kambo wa dawa nyingine, mmea tofauti, kemikali tofauti, madhara tofauti. Mwaka 1925 mkutano wa Geneva ukafanya vivyo hivyo kwa dunia nzima. Mkutano uliitishwa kwa ajili ya afyuni na kokeini, kisha mjumbe wa Misri, El Guindy, akasisitiza hashishi iongezwe. Ikaongezwa.

Harufu mbili za mji mmoja

Sasa tazama Ruiru. Kabla ya maghorofa kulikuwa na mashamba ya walowezi, mkonge na kahawa, na baadhi ya mibuni ungali unaiona kati ya bypass na mabango ya "plots for sale". Kahawa nayo ni mmea wa kigeni unaoamsha akili, na kama bangi inauzwa kwa harufu. Kahawa iliyokaangwa ina kemikali zaidi ya 800 zinazoruka hewani, linaloli na limoneni zikiwemo. Wapo watu wanaolipwa mshahara kuinusa na kuionja kwa kijiko kabla ya mnada Nairobi.

Kahawa ilijengewa kituo cha utafiti hapa hapa Ruiru. Mwaka 1985 kituo hicho kilitoa aina mpya, Ruiru 11, inayostahimili CBD. Usichanganyikiwe: kwa mkulima wa Kiambu, CBD ni ugonjwa unaooza matunda ya kahawa. Kwa mwenye mathree ni katikati ya jiji, na kwa watu wa mtandaoni ni mafuta ya bangi yasiyolewesha. Herufi tatu, maisha matatu.

Na chuo cha kufundishia askari wa magereza pia kiko Ruiru. Harufu moja ilipata watafiti na jina la mji wetu kwenye kila kitabu cha kilimo cha kahawa. Nyingine ilitengewa ufunguo. Simaanishi kahawa na bangi ni sawa. Namaanisha kwamba moja iliulizwa maswali kwa miaka mingi, na nyingine ilihukumiwa kwanza, ikaja kuulizwa maswali baadaye, na tena ikaulizwa kwingine.

Basi la Rehovot na mbwa

Kwingineko kulikuwa Israeli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanakemia Raphael Mechoulam alitaka kujua ni nini hasa ndani ya bangi kinacholewesha. Akawaomba polisi, wakampa kilo 5 za hashishi waliyoinasa ikitoka Lebanoni. Akaitia kwenye begi, akapanda basi kurudi Rehovot. Alilisimulia hili mara nyingi hadi alipofariki mwaka 2023: abiria walianza kuulizana hiyo harufu ni ya nini. Alifika salama. Mwaka 1964 yeye na mwenzake Yechiel Gaoni wakatangaza kwamba wameitenga THC.

Hebu mweke kijana wa Gitothua kwenye mathree na begi hilo, umbali huo huo, kisha uweke kizuizi cha polisi pale mbele. Harufu ni ile ile. Tofauti ni karatasi na koti.

Ona pia mpangilio wa miaka. Marufuku yetu ilianza 1914. Jina la kinacholewesha likajulikana sawasawa 1964. Kwa miaka 50 sheria ilikuwa inafukuza kitu ambacho hakuna aliyeweza kukitenga, na chombo pekee cha kukitambua mlangoni kilikuwa pua.

Halafu kuna mbwa. Kitengo cha mbwa cha polisi wa Kenya kilianza 1948, na leo wapo waliofunzwa kutafuta dawa za kulevya. Tunadhani mbwa ananusa THC. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Ujerumani, Stahl na Kunde, walijaribu kemikali za hashishi moja moja mbele ya mbwa waliofunzwa. Mbwa waliitikia kariofileni iliyoungana na oksijeni. Kumbe mbwa hakujua chochote kuhusu ulevi. Alikuwa amejifunza harufu ya jamaa ya karafuu.

Ukifikiri utaona kwa nini. Terpeni nyepesi kama mirseni, limoneni na pineni huruka haraka, ndiyo maana dhania ya juzi hainukii kama ya leo. Bangi iliyokaushwa, ikashindiliwa kwenye gunia, ikasafiri siku kadhaa kutoka mpakani, huwa imeshapoteza nyingi kati ya hizo. Zinazobaki ni zile nzito, na kariofileni ni mmoja wa hao wazee wasioondoka. Ikikutana na hewa inageuka kuwa kile kitu anachokijua mbwa. Wale wanaofunika mzigo kwa pilipili manga wakidhani wanauficha wanaongeza jamaa yake yule yule.

Korido

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo kemia yangu ni ya kusomea kwa simu usiku bando ikiwa bei rahisi. Lakini jiografia ya harufu nimeisomea nyumbani. Ploti ya kawaida huku ina bedsitter nane au kumi kwa kila sakafu, milango inaangaliana, kidirisha cha juu kinafunguka ndani ya korido. Ukikaanga omena, sakafu nzima inajua. Ukichoma kitu kingine, sakafu nzima inajua, na keateka anajua, na mtu anapigiwa simu.

Jamaa mmoja tuliyekaa naye ploti moja, fundi wa jipsamu, alichukuliwa usiku mmoja kwa sababu korido ilinuka. Kwake walipata karatasi za kusokotea tu. Huenda alikuwa amevuta, sitamtetea kwa hilo. Ila waliosimama naye kwenye korido hawakuweza kusema harufu ilitoka mlango gani, maana terpeni hazina namba ya nyumba. Alirudi Jumatatu jioni. Mjengo ulikuwa umeshampata fundi mwingine.

Mahali ambapo nyumba ina ekari nusu, ua wa michongoma na askari langoni, moshi huo huo hufia kwenye bustani. Hakuna jirani wa namba sita. Sheria haikuandikwa kuwabagua maskini wa Ruiru, lakini ukiikabidhi pua kazi ya upelelezi, itakwenda pale ambapo watu wamebanana.

Je, harufu inafanya kitu?

Kuna upande wa pili wa hii hadithi, na unauzwa sana siku hizi. Kwenye majimbo ya Marekani yanayoruhusu bangi, pakiti zinaandikwa terpeni zake kama viungo vya keki: hii ina limoneni itakuchangamsha, ile ina mirseni itakulaza. Huku kwetu hakuna pakiti, lakini imani imefika. Umewahi kuambiwa ule embe kwanza ndiyo ishike vizuri? Hiyo ni hoja ya mirseni. Inabaki kuwa stori ya mtaa.

Wazo kwamba kemikali za bangi hufanya kazi kama timu lilitajwa na Mechoulam na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2011 daktari Ethan Russo wa Marekani aliandika makala ndefu akipendekeza jinsi kila terpeni inavyoweza kuikoleza au kuituliza THC. Yalikuwa mapendekezo mazuri ya kupimwa. Wafanyabiashara wakayachukua kama majibu. Watafiti wa Australia na New Zealand walipozipima terpeni za kawaida kwenye seli katika maabara, karibu mwaka 2019 na 2020, hawakuona zikibadilisha jinsi THC inavyogusa vipokezi vyake vya kawaida.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2008 watafiti wa Ulaya waligundua kwamba kariofileni yenyewe hushika kipokezi kimoja cha mwili, CB2, kinachohusika na uvimbe na kinga na kisicholewesha. Majaribio hayo yalifanywa kwa panya, kwa hivyo usikimbilie kula karafuu kama dawa. Na mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliwapa watu 20 mvuke wa THC pamoja na limoneni. Limoneni ilipoongezwa, wasiwasi na hofu ile ya kuhisi kila mtu anakutazama vilipungua, hasa kwa dozi kubwa. Watu 20 ni wachache. Ila hapo kuna kitu cha kufuatilia.

Ninachochukua hapo ni hiki. Huenda harufu ina kazi, ndogo na ya kupimwa taratibu. THC ndiyo inayoendesha gari, na THC haichezi na kila mtu. Kwa kijana ambaye ubongo bado unakua, kuvuta kila siku kunahusishwa na shida za kumbukumbu na za akili, na bangi kali huongeza hatari ya mtu kupoteza uhalisia. Wengi wetu tunamjua mmoja aliyeanza kwa utani na sasa anaongea na ukuta. Msokoto wa mtaani hauna lebo. Anayeununua anaukisia nguvu kwa kuunusa, na harufu, kama tulivyoona, haisemi chochote kuhusu THC. Kwa hiyo karao na mvutaji wana kosa moja: wote wanaiamini pua.

Kutoka pua hadi mizani

Siasa imejaribu kuligusa hili. Mwaka 2018 Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliandaa mswada wa kuidhibiti bangi badala ya kuiharamisha. Alifariki mwaka uliofuata kabla haujafika popote. Mwaka 2022 George Wajackoyah aliwania urais akiahidi bangi italipa madeni ya nchi. Vijana walijaza mikutano na mitandao. Debe lilimpa kura 61,969. Tulicheka sana, na katikati ya kicheko hakuna aliyegundua kwamba mwaka huo huo sheria ilibadilika kweli.

Sheria ya 1994 ilisema ukishikwa na bangi ya kutumia mwenyewe, kifungo chaweza kufika miaka 10. Marekebisho ya 2022 yaliishusha hadi miaka isiyozidi 5, au faini isiyozidi shilingi 100,000. Kwa mwenye bustani hiyo ni hela ya wikendi Naivasha. Kwa bedsitter ya Gitothua ni kodi ya mwaka. Na wanaohusika si wachache: utafiti wa NACADA wa mwaka huo huo ulikadiria Wakenya 518,807 wa miaka 15 hadi 65 wanatumia bangi.

Kesi ikifika mahakamani, hakimu haiamini pua. Anataka ripoti ya Mkemia wa Serikali, kielelezo kipimwe, uzito uandikwe. Maana yake serikali inajua kupima. Inajua tangu zamani kwamba harufu haitoshi kumfunga mtu. Ila inatosha kumtoa mtu kitandani, kumlaza seli, kumkosesha kazi ya Jumatatu, kumfanya mama yake auze kuku. Mengi yanayowapata watu wa mtaa huu hutokea kabla ya mkemia kufungua bahasha, na hayo hayaingii kwenye takwimu yoyote.

Unaweza kuipinga bangi kabisa na bado ukaona tatizo hapo. Wanaotaka ihalalishwe waseme jinsi watakavyopima nguvu yake na kumzuia mtoto wa sekondari asiinunue. Wanaotaka ibaki haramu waseme ni kwa nini kuta nyembamba ziwe sehemu ya kosa. Sisi wa korido tungependa kusikia majibu yote mawili, na madirisha yetu, kama mnavyojua, hayafungi vizuri.